Je, wajua? Uliyepigwa huwezi kuifuta kesi peke yako

Tuseme uko Kenya na jirani amekupasua kichwa kwa rungu. Umeripoti kituoni na kupewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), daktari amejaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, na jirani amefikishwa kortini. Miezi inapita, wazee wanawakalisha chini, mnapatana. Unakwenda kumwambia hakimu umemsamehe na unaiondoa kesi yako. Hakimu anakusikiliza, kisha anamgeukia kiongozi wa mashtaka na kumwuliza yeye anasemaje. Jalada limeandikwa Jamhuri, yaani dola, dhidi ya jirani yako. Wewe umo humo kama shahidi.

Dhana kwamba aliyeumizwa ndiye mwenye kesi ni ngumu kung'oka, na si ya kijinga. Kichwa kilichoshonwa ni changu, basi na msamaha uwe wangu. Katika mila nyingi za kwetu ndivyo mambo yalivyokwenda: damu ilimalizwa baina ya koo mbili, mifugo ikahama boma. Wengine huamini pia kwamba wakipokea fidia kesi imekufa, au kwamba asipokwenda mlalamishi basi mahakama haina la kufanya. Yote mawili si kweli kisheria. Shahidi asiyefika anaweza kuitwa kwa hati ya mahakama. Kivitendo, hata hivyo, mashahidi wakinyamaza kesi nyingi hudhoofika hadi kuanguka, na hapo ndipo dhana inapopata nguvu mpya mtaani.

Mantiki ya sheria ni hii. Abiria wamo ndani ya dau, katikati ya bahari. Mmoja anatoboa ubao chini ya miguu ya mwenzake. Aliyekaa pale ndiye wa kwanza kulowa, na ana haki ya kukasirika kuliko wote. Lakini hata akisema "nimemsamehe, tuendelee na safari," tundu bado liko pale, na maji hayachagui abiria. Kwa hiyo nahodha, yaani Jamhuri, ndiye anayeamua la kufanya na mtoboaji, kwa niaba ya chombo kizima. Ubaya wa mpango huu ni kwamba nahodha akishughulika na tundu husahau upesi kuna mtu pale aliyelowa na anatetemeka.

Na hutetemeka kweli. Waliovamiwa husimulia kukosa usingizi, kushtuka mlango ukigongwa, hasira, na aibu ya ajabu ya kujilaumu kwa kosa la mtu mwingine. Halafu wanafika kortini na kukuta kesi imeahirishwa bila wao kuambiwa, au mshtakiwa yuko nje kwa dhamana na wamekutana naye sokoni.

Kenya imejaribu kuliziba pengo hilo. Katiba ya 2010, ibara ya 50(9), iliagiza itungwe sheria ya kuwalinda waathiriwa, na mwaka 2014 ikapatikana. Mwathiriwa sasa ana haki ya kuwapo kesi inaposikilizwa, kutoa maoni yake upande wa mashtaka unapojadiliana na mshtakiwa kuhusu kukiri kosa, na kuieleza mahakama jinsi kosa lilivyomwathiri. Maelezo ya namna hiyo yalianzia Fresno, California, mwaka 1976. Kama kuyatoa humponya anayeyatoa, watafiti hawajakubaliana: wapo wanaopata nafuu, na wapo wanaotoneshwa kidonda.

Mwaka 2020, katika kesi ya mauaji iliyoanzia Bungoma, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikubali kwamba wakili wa familia ya marehemu si wa kuketi tu na kutazama. Anaweza kushiriki, kwa idhini ya jaji, ila asigeuke kiongozi wa pili wa mashtaka. Mshtakiwa naye ana haki zake, na kupambana na mawakili wawili kwa mpigo si usawa.

Upatanisho nao una mlango wake, mwembamba. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya Kenya kinaruhusu mahakama kuuhimiza katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi. Mauaji hayamo. Hata hivyo mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na kulipana ngamia na mbuzi. Wanasheria walibishana sana, na haki walikuwa nayo. Lakini hata hapo aliyeomba shtaka liondolewe alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na jaji ndiye aliyeridhia.

Anayetaka kesi iliyo yake kweli afungue ya madai, ya kudai fidia. Nchini Kenya, kwa jeraha kama hilo la rungu, muda ni miaka 3. Hiyo jina lako liko juu ya jalada, gharama unalipa wewe, na ukichoka unaiondoa.