Haya ya kutazamwa: mtoto anapoyakimbia macho ya watu

Mpwa wangu alipotimiza miaka minne tulimfanyia sherehe ndogo nyumbani kwao Migosi, hapa Kisumu. Asubuhi nzima alikuwa bosi wetu: ndiye aliyehesabu sahani, ndiye aliyemwonyesha babake pa kuweka keki. Mishumaa ikawashwa, watu kama ishirini wakamgeukia kwa pamoja, simu juu, wimbo ukaanza. Kidevu kikashuka kifuani. Akatia vidole viwili mdomoni, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa magoti ya mamake, kisha akavuta leso ya mamake akajifunika uso. "Huyu mtoto mwoga jamani," mmoja akasema. Mwingine: "Wacha kuringa, kata keki!" Hakukata. Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, nilimkuta jikoni akimwimbia mtoto wa jirani wimbo ule ule, kwa sauti yake yote.

Kilichompata ni haya ya kutazamwa: ile hali inayomshika mtu anapotambua ghafla kwamba macho yote yako juu yake, hata kama hajakosa lolote. Tunaichanganya sana na aibu. Aibu hufuata kosa au fedheha, lakini haya haingoji kosa, na sifa peke yake huweza kuileta. Woga nao una kitu cha kuogopwa, kama mbwa, giza au mgeni. Siku ile waliomzunguka walikuwa shangazi na wajomba anaowapenda, ambao saa moja tu kabla alikuwa akiwapanda mapajani. Waluo wana neno wich kuot, ambalo hubeba haya na aibu pamoja, na maana yake hasa ni kichwa kuvimba. Aliyewahi kuitwa mbele ya watu bila kutarajia anajua neno hilo limetoka wapi.

Mtoto mchanga hana haya hii. Mtazame kutwa, naye atakutazama. Huanza pale mtoto anapojitambua, na watafiti wamelichunguza jambo hili kwa kioo. Mtoto hupakwa rangi nyekundu puani bila kujua, kisha huwekwa mbele ya kioo. Akigusa pua yake mwenyewe, basi anajua yule wa kiooni ni yeye, na katika nchi za Magharibi wengi hufika hapo kati ya miezi 18 na 24. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Michael Lewis wa Marekani na wenzake walieleza kwamba watoto waliokwisha kujitambua kwenye kioo ndio hasa walioona haya walipomiminiwa sifa au kuombwa wacheze dansi: tabasamu la kujificha, macho pembeni, mkono kwenye nywele au uso. Kwa hiyo haya hii ni dalili ya akili kukua. Mtoto amegundua kwamba yeye pia huonekana.

Jaribio kama hilo lilipofanywa hapa Kenya, kwa karatasi ya kunata kwenye paji la uso, kati ya watoto 82 wenye miezi 18 hadi 72 ni wawili tu walioibandua. Wengi waliganda wakijitazama. Hakuna anayeishi na mtoto wa Kenya wa miaka mitano atakayeamini kwamba hajijui, na watafiti wenyewe waliona kuwa huenda watoto walisita kwa kutojua wanaruhusiwa kufanya nini. Miaka ya 1970 watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi na Wakipsigis wakaona jambo linalofanana na hilo: mtoto aliyeombwa na mtu mzima asimulie tena hadithi fupi mara nyingi alinyamaza, ingawa nyumbani alilea wadogo zake na kutumwa huku na huku. Mbele ya mkubwa, kazi ya mtoto ilikuwa kusikiliza na kutii.

Hapo ndipo tunapowaonea watoto wetu. Kwetu "hana haya" ni tusi. Wiki nzima tunamfundisha mtoto asiwakodolee wakubwa macho, halafu Jumapili tunamsimamisha mbele ya kanisa akariri mstari kwa sauti, tena tunamgombeza akitazama sakafu.

Wako waliozaliwa na tabia ya kusita kuliko wenzao, na hilo si la kutibiwa. La kupeleka kwa daktari ni tofauti: mtoto anayeongea vizuri nyumbani lakini shuleni hatoi neno kabisa kwa zaidi ya mwezi mmoja, ukiuacha ule mwezi wa kwanza wa kuzoea. Huyo si mkaidi. Wasiwasi umemfunga sauti, na kumlazimisha kunamfunga zaidi.

Kwa wengine, punguza macho na uipe mikono kazi. Na lile neno "mwoga" lisisemwe akiwa anasikia, maana atalibeba.

Alipotimiza mitano, tulikata keki mapema, yeye na binamu zake watatu wakishika kisu pamoja, wageni wakiwa bado njiani. Mjomba wake aliyekuwa tayari mlangoni na jagi la maji ya kummwagia tulimpokonya. Kisha mamake akampa trei ya keki agawe. Akamzungukia kila mtu, akimwambia kila mmoja, "Shika na mikono miwili."