Je, wajua kwa nini Ziwa Tanganyika huharibikia ukingoni?

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Kina hicho kinadanganya. Kuanzia kama mita 100 hadi 200 kwenda chini, kutegemea sehemu, maji hayana oksijeni na hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Samaki wanaoshushwa mialo ya Kibirizi na Katonga, Kigoma, wanatoka tabaka la juu, na wengi walikulia kwenye ukanda mwembamba wa pembeni, palepale kokoro, yaani wavu mrefu unaovutwa hadi ufukweni, linapoburutwa.

Sangala wachanga hujificha kwenye majani ya ukingoni. Hata dagaa, ambaye ukubwani ni wa maji ya katikati, husogea pembeni akiwa mdogo. Kuhe, ambaye ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo mzima wa perege duniani, hutaga maelfu ya mayai chini, kisha dume na jike huyalinda pamoja, na vifaranga vilevile. Wakati huo kuhe ni mkali na haondoki, kwa hiyo ni rahisi kumnasa. Ukimwondoa mzazi, samaki wengine humaliza vifaranga muda si mrefu.

Wapo wanaolelea mdomoni. Samaki wadogo wa miambani, wale wenye rangi ambao wafuga samaki wa urembo huwaita Tropheus, hutaga mayai yasiyofika ishirini, na jike huyabeba mdomoni karibu mwezi mzima. Utamtambua kwa koo lililotuna. Akivutwa na wavu huyatema, na uzazi wake wote unaishia mchangani. Kibaya zaidi, samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, ndiyo maana kila kipande cha mwamba kina rangi yake. Wakimalizwa kwenye mwamba mmoja, usitegemee wa jirani waje kuziba pengo.

Tanzania ilipumzisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Hatua hiyo inawafaa dagaa na migebuka, wanaokua haraka. Kwa samaki wa miambani, wanaozaa mwaka mzima, miezi mitatu haitoshi. Wao wanahitaji mazalia, yaani sehemu wanakozalia, yanayofungwa daima.

Kufunga zalia huanza na utafiti. Mwaloni samaki hupimwa urefu, hupasuliwa tumbo na mayai hukaguliwa yamekomaa kiasi gani, ili ijulikane wanazaa lini na wakiwa na ukubwa upi. Chini ya maji mzamiaji hutandaza futi kamba na kuhesabu samaki pande zote mbili. Wavuvi wazee nao waulizwe mapema, kabla ya ramani kuchorwa, kwa sababu wanajua kuhe hutaga wapi. Kisha kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, na serikali ya kijiji hupitisha sheria ndogo.

Mpaka ndio hukwamisha wengi. Maboya huibwa au hukatwa na mawimbi, na mvuvi akikamatwa husema hakuyaona. Mpaka uwekwe pia kwa alama za nchi kavu zinazoonekana kutoka mtumbwini: jabali lililopakwa rangi, mti mkubwa, mdomo wa mto. Na eneo lishike mwamba pamoja na mchanga wake. Ukifunga mwamba peke yake, kuhe anabaki nje. Doria ya mchana ni ya kujionyesha tu. Kokoro, ambalo ni haramu, hutoka usiku, kwa hiyo bajeti ya mafuta ya boti ipangwe kwa usiku.

Halafu kuna tope, adui asiyehitaji wavu. Milima ya Kigoma ni mikali, na mvua ikinyesha juu ya shamba la mihogo lililo wazi udongo hushuka hadi ziwani, ukafunika mwani unaoliwa na samaki wa miambani na kujaza makombe ya konokono ambamo samaki wengine hutagia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Lakini tope huanzia juu zaidi ya hapo. Matuta yakinge mteremko, na kingo za matuta zipandwe majani. Yakilimwa kufuata mteremko, kila mfereji kati ya tuta na tuta huwa njia ya udongo kwenda ziwani.