Contra: lawama zinazoistahili na zisizoistahili

Kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani, Tanga, ukiitaja Contra, gemu ya askari na bunduki ya kampuni ya Konami (toleo la kaseti la mwaka 1988), ugomvi umeuanzisha. Kuna wanaoiapia, kuna wanaoiita mla roho. Wote wana hoja, ila sababu wanazozitoa nyingi si zenyewe.

"Inataka vidole vyepesi." Inataka kumbukumbu kwanza. Askari wanaokimbia huja ovyo, lakini mizinga ya ukutani, madaraja yanayolipuka na mabosi (maadui wakubwa wa mwisho wa steji) wako palepale kila ukianza. Tena mruko wa Contra unaweza kuugeuza ukiwa hewani, jambo ambalo gemu nyingi ngumu za enzi hizo hazikuruhusu. Anayekufa daima sehemu ileile anakimbia mbele kabla hajafyatua: lala chini, piga mzinga, ndipo usogee.

"Kila herufi inayodondoka ni neema." Hili ndilo linaloua wengi, maana herufi nyingi ni bunduki mpya inayofuta uliyonayo. S hutoa risasi tano zinazotawanyika, na kwa steji karibu zote haina mpinzani. Ukiiokota L (leza) au F (moto) kwa pupa, S imeondoka. L nayo ina ila yake: ukibonyeza tena kabla mwali haujamaliza safari, ule wa kwanza unakatika, kwa hiyo anayefyatua kwa fujo hapigi kitu. R haibadilishi bunduki, inaongeza kasi ya risasi tu. Hiyo okota bila wasiwasi.

Malalamiko ya haki ni haya: risasi moja inakuua, na ukifa unarudi na bunduki ya kuanzia. Kwa bosi wa steji za mwisho, kifo kimoja huzaa vitatu. Hapo gemu inaonea, na hakuna la kuitetea.

"Wawili ni rahisi kuliko mmoja." Kwenye steji ya kwanza, sawa. Steji ya tatu, ya maporomoko ya maji, skrini hupanda juu wala hairudi. Mwenzako akiruka haraka, wewe uliyebaki chini ukitoka nje ya picha umekufa. Semezaneni kabla ya kila mruko.

"Kodi ya roho 30 (mfuatano wa vitufe unaokupa roho hizo) ilibuniwa kwa ajili ya Contra." Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A ilianza kwenye Gradius, gemu nyingine ya Konami, mwaka 1986. Kwa Contra ibonyezwe kwenye ukurasa wa jina, kisha Start. Mkiwa wawili, bonyezeni Select kabla ya hiyo Start.

"Ya kwenye simu imeharakishwa." Mashine nyingi za nakala (zinazoiga ile ya Nintendo) zilizotengenezwa kwa TV za mfumo wa PAL huonyesha picha 50 kwa sekunde, wakati gemu iliandikwa kwa 60. Uliyoizoea kwenye TV ndiyo iliyokuwa ikienda pole, kwa takriban sehemu moja ya sita.

"Kaseti ikigoma, ipulize." Inayosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya. Pumzi ni unyevu, na kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu meno ya shaba huota kutu ya kijani mapema. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, futa meno yote 60 pande mbili, subiri dakika kumi. Usitumie msasa: ukishaondoa ule mng'ao wa juu, kutu inarudi kwa kasi zaidi.