Pakiti ya ORS na protini za utando wa seli: dhana potofu na ukweli

Mteja wa duka la dawa pale Manzese au Mbagala anapopewa pakiti ya ORS, yaani chumvichumvi na sukari za kuchanganya na maji ili kumnywesha anayehara, mara nyingi huamini kwamba sukari iliyomo imewekwa ili kumpa mgonjwa nguvu au kupunguza ukali wa chumvi. Ukweli ni kwamba kwenye seli za utumbo mwembamba kuna protini iitwayo SGLT1, ambayo huingiza glukosi pamoja na ioni mbili za sodiamu, na maji hufuata. Ndiyo maana lita moja ya ORS ina milimoli 75 za glukosi na milimoli 75 za sodiamu. Anayemimina pakiti nzima ya lita moja katika chupa ya nusu lita, kosa la kawaida kwa kuwa chupa hizo zimejaa kila nyumba, hupata mchanganyiko mkali maradufu unaoweza kuvuta maji yaingie utumboni badala ya kutoka humo.

Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya sisi tunaowafundisha, huichora protini kama hiyo kwa umbo la tundu lililotoboa utando. Matundu ya namna hiyo yapo, nayo huitwa chaneli, lakini SGLT1 si mojawapo. Ina heliksi 14, yaani vipande vilivyojisokota kama springi, zinazopita katika utando, na 10 kati ya hizo zimejipanga katika makundi mawili ya tano tano yenye mkunjo unaofanana, ila moja limepinduliwa juu chini. Mpangilio huo huiwezesha nafasi iliyo katikati kufunguka nje, kisha kufunguka ndani, bila kuwa wazi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mkazi wa Kigamboni ataelewa upesi akikumbuka pantoni, ambayo hupakia upande mmoja na kushusha upande wa pili; tofauti ni kwamba protini haivuki kwenda popote, bali hubadili tu upande inaoutazama.

Dhana inayopotosha zaidi ni kwamba sehemu yenye maana ni ile iliyozama kwenye utando. CFTR, chaneli ya kloridi iliyopo pia kwenye seli za utumbo, yenye asidi amino 1,480, ina domeni (sehemu zilizojikunja kila moja kivyake) mbili ndani ya utando na nyingine tatu zinazoning'inia ndani ya seli: mbili za kushika ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na moja ya udhibiti, iitwayo R. Sumu ya kipindupindu haiigusi chaneli yenyewe. Hupandisha kiwango cha cAMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, kisha kimeng'enya hubandika fosfeti kwenye domeni R, chaneli hufunguka, kloridi hutoka kwa wingi kuingia utumboni, na sodiamu na maji huifuata. Wakati huo wote SGLT1 huendelea na kazi yake kama kawaida.

Kwa hiyo wanaoacha ORS kwa sababu kuhara hakujakoma wanaidai kazi isiyo yake: ORS haifungi CFTR, hurudisha maji kupitia SGLT1.