Dimbwi likikauka, samaki hawa hawajaondoka

Ukipita bonde la Rufiji au la Ruvu wakati wa kiangazi utaona mashimo mapana yenye udongo mweusi uliopasuka nyufa, mengine yana alama za kwato za ng'ombe zilizokaukia humo. Wengi huona ardhi iliyolala bure. Mimi huona makazi ya samaki. Sentimita chache chini ya udongo ule kuna mayai hai ya samaki wa jamii ya Nothobranchius (kwa kifupi N.), na msimu huo kizazi kizima kimo ndani ya mayai hayo. Wazazi wote wamekufa dimbwi lilipokauka.

Jamii hii ina spishi zaidi ya 80, kuanzia Sudan hadi Afrika Kusini, na nyingi ziko Afrika Mashariki. N. eggersi anapatikana Rufiji, N. kilomberoensis Kilombero, N. guentheri Unguja. Ni samaki wadogo, wengi hawazidi urefu wa kidole. Jike ana rangi ya tope, lakini dume amepakwa nyekundu, buluu na njano kiasi kwamba ndege humwona kwa urahisi akiwa juu. Wapo wanaoamini kwamba samaki hawa huanguka na mvua. Siwashangai: dimbwi lilikuwa vumbi, na wiki chache baada ya mvua limejaa madume yanayofukuzana.

Kinachonivutia zaidi ni yai lenyewe. Dume humkumbatia jike kwa pezi la mgongoni, humgandamiza kwenye tope, na yai moja hutoka na kuzikwa papo hapo. Kisha huanza tena. Yai lina ganda gumu, na kiinitete kilichomo kinaweza kusimama kukua katika hatua tatu. Kusimama huko wataalamu tunakuita dayapozi. Hatua ya kwanza huja mapema mno, seli zikiwa zimetawanyika juu ya kiini na mwili haujaanza kujengeka. Ya pili huja katikati: moyo umeshaanza kupiga, kisha shughuli zote hupungua hadi karibu na sifuri, na hali hiyo inaweza kudumu miezi mingi. Ya tatu ni ya samaki mdogo aliyekamilika, aliyejikunja ndani ya ganda, anayengoja maji tu.

Mayai ya mama mmoja, yaliyotagwa siku moja, hayafuati ratiba moja. Mengine hupita hatua ya pili bila kusimama, mengine hukaa humo msimu mzima. Mvua ya kwanza mara nyingi hudanganya. Hunyesha, dimbwi hujaa, kisha jua huwaka wiki mbili na maji huisha. Walioanguliwa hufa wote. Waliobaki wamelala ndio watakaoiona masika yenyewe. Kwa mwaka wowote ule, hasara hiyo ni bei ya ukoo kuendelea.

Mvua ikishika kweli, kila kitu huenda mbio. Vifaranga hutoka ndani ya saa chache baada ya maji kufika. N. furzeri wa Msumbiji na Zimbabwe amewahi kuonekana porini akiwa amekomaa na kuzaa akiwa na umri wa siku 14. Katika maabara huzeeka ndani ya miezi michache: rangi hufifia, uti wa mgongo hupinda, uvimbe hutokea. Ndiyo sababu watafiti wa uzee wanamtumia sana, na jenomu yake, yaani mpangilio wa vinasaba vyake vyote, ilichapishwa mwaka 2015.

Hatari kwao haitoki kwenye ukame. Mtu akichimba dimbwi liwe na kina kirefu ili maji yasikauke, perege na kambare huingia wakati wa mafuriko na kubaki mwaka mzima, na Nothobranchius kwa kawaida hupotea hapo. Kifusi cha barabara na dawa za mashamba ya mpunga humaliza madimbwi mengine. Na tathmini ya mazingira inayofanywa kiangazi hupita juu ya mayai na kuandika kwamba hakuna samaki. Kwa yeyote anayepangiwa kazi hiyo katika mabonde ya mito ya pwani, ombi langu ni moja: rudi wiki ya tatu au ya nne baada ya mvua kushika, uingie na wavu wa mkono pale penye majani, maji yakifika magotini, ndipo ujaze fomu.