"Damu Yetu Mnaipeleka Wapi?": dhana potofu kuhusu miradi ya utafiti kando ya ziwa

Juma lililopita nilikuwa mwaloni Igombe, nimekaa na akina mama wanaoanika dagaa, nikiwaeleza mradi wa chuo unaotarajia kuanza huko. Sijafika nusu, bibi mmoja akanikatiza: "Mwanangu, hiyo damu yetu mnaipeleka wapi? Si tunasikia Wazungu wananunua." Wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Kazi yangu ni kuwaunganisha watafiti na vijiji, na swali hili limenifuata kutoka Sengerema hadi Magu. Safari hii nalijibu kwa maandishi.

Kichupa cha sampuli hubeba mililita tano hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Damu ya kumwongezea mgonjwa ni kitu kingine kabisa. Hukusanywa kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, mililita 450 hivi, ikapimwa kundi na maambukizi, ikatunzwa kwenye ubaridi wake. Kijiko chako hakimfai mgonjwa yeyote. Kikifika maabara hupewa namba badala ya jina lako, na sehemu kubwa huishia ndani ya mashine ya vipimo. Ikilazimu sampuli kutoka nje ya nchi, haiondoki mfukoni mwa mtafiti: kuna mkataba wa kusafirisha sampuli unaopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kabla ya hapo mradi wenyewe umeshapita kamati ya maadili. Mtafiti mgeni naye hutakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Hayo ya damu huwa tunaelewana. Linaloniuma ni lile lililojificha nyuma yake: kwamba utafiti ni mali ya Wazungu, na sisi wa kanda ya ziwa kazi yetu ni kunyoosha mkono tuchomwe sindano. Hapo subira huniishia, kwa sababu watu wa mkoa huu wamechangia tiba ya dunia nzima, na wajukuu wao hawajaambiwa.

Kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za vijijini Mwanza ziliingia kwenye jaribio lililoendeshwa na NIMR, shirika la afya la AMREF na chuo cha tiba ya tropiki cha London. Swali lilikuwa moja: tukitibu vizuri kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa kwenye zahanati za kawaida, maambukizi ya VVU yatapungua? Katika jamii sita wahudumu walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, bila kusubiri maabara, na dawa zikapelekwa. Wakafuatiliwa watu wazima zaidi ya 12,000. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 upande wenye huduma iliyoboreshwa na asilimia 1.9 upande wa pili, pungufu ya takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa 1995 na kujadiliwa duniani kote. Majaribio ya baadaye Uganda hayakupata pungufu kama hilo, na wataalamu walibishana miaka mingi kuhusu sababu. Lakini ukienda leo zahanati na usaha au kidonda sehemu za siri, ukapewa dawa siku hiyohiyo, unatibiwa kwa namna ileile iliyopimwa kwa wazazi wako.

Au tazama la juzi. Kuanzia 2017, wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki jaribio la chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Walipangwa kupata dozi moja, mbili au tatu, ili ijulikane kama moja inatosha. Kinga ya dozi moja ilionekana kudumu, na ushahidi huo ulikuwa miongoni mwa uliowekwa mezani Shirika la Afya Duniani lilipokubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022. Tanzania ilihamia dozi moja Aprili 2024. Binti wa Igombe akichomwa mara moja akamaliza, ni kwa sababu mabinti wa mji wake walikubali kupimwa. Fedha zilitoka nje, ni kweli. Jibu limerudi hapahapa.

Sasa nami niseme na watafiti wenzangu. Bibi yule hakuyajua haya kwa sababu hakuna aliyerudi kumwambia. Nimewahi kushuhudia mradi ukikusanya vipimo kwa miaka, ukafunga ofisi, na kijiji kikabaki na kalenda ya ukutani tu. Mtafiti asiyerudi kwenye mkutano wa hadhara na majibu yake, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, ndiye anayeulisha uvumi wa damu.

Yako na maneno mengine ninayoyasikia vijijini, nayajibu moja moja. "Waliopangwa kundi la kulinganisha, lile lisilopewa dawa inayojaribiwa, wamenyimwa dawa." Kama tungejua dawa inafaa, jaribio lisingeruhusiwa. Tunapiga kura ya nani aingie kundi gani kwa kuwa hatujui. Hata zile jamii sita za kulinganisha za miaka ya tisini, jaribio lilipoisha zilipelekewa huduma hiyo nazo.

"Mradi haukupata kitu, hela zimeliwa." Mradi wa MEMA kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi shuleni katika jamii 20 za vijijini hapa Mwanza. Vijana walielewa zaidi, lakini maambukizi ya VVU hayakushuka. Hicho ni kitu kikubwa kukijua! Tungeendelea kuamini kwamba somo la darasani peke yake linatosha.

"Wale wanaopima samaki mwaloni ni doria." Hapana, baba. Mtu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, anayeandika urefu wa sangara wako hana shida na nyavu zako. Mwaka 1977 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kuorodhesha furu, wale samaki wadogo wa ziwa, katika Ghuba la Mwanza pamoja na Watanzania. Sangara walipojaa miaka ya themanini na furu wengi wakatoweka, orodha ile ndiyo iliyoonyesha tumepoteza nini.

"Ngoma na nyoka si utafiti." Nenda Bujora, pale Kisesa, uone kilichohifadhiwa kwenye makumbusho ya Wasukuma, kisha uulize Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka wa Kisukuma, wanachojua kuhusu sumu ya nyoka na miti inayotumika dhidi yake. Chuo kikitoa fedha kuyaandika hayo wazee wakiwa hai, kimefanya kazi yake.

"Nikishaweka dole gumba siwezi kutoka." Unatoka siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Hilo limeandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Basi usiiache mezani kwa mtafiti: dai nakala, hata kama mwenzako atakusomea, uende nayo nyumbani. Tafuta mahali penye namba mbili za simu, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Na kabla hujasaini, muulize, "Mtarudi lini kutuambia mlichokipata?" Akikujibu, mwambie aandike mwezi na mwaka palepale chini ya jina lake.