Kikundi cha ramani za misaada kiandike kwanza kinachofanya na kisichofanya

Malalamiko yanayotufikia kutoka vijiji vya Uganda yanafanana: vijana wa ramani wenye simu wamefika, wamezunguka nyumba, wameondoka, na nyuma umebaki uvumi kwamba ardhi inapimwa ili iuzwe. Tumelisema mara nyingi na tunalirudia: kuchora jengo katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, hakumpi mtu ardhi wala hakumnyang'anyi. Mipaka ya viwanja ni kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Lakini lawama si za wanakijiji peke yao. Kikundi kisicho na andiko la dhamira hakina la kumjibu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiuliza, "Nani amewatuma?"

Ukurasa mmoja unatosha. "Kusaidia jamii" si dhamira. Andikeni hivi: tunachora nyumba, njia, madaraja na vituo vya afya katika kaunti ndogo moja ya Bududa, wilaya yenye maporomoko ya ardhi, kabla ya msimu wa mvua, ili waokoaji wajue watu wanaishi wapi na njia ipi inapitika. Hapo pana kitu, mahali, wakati na mtumiaji. Huyo mtumiaji aulizwe kabla ya kuchora, maana asiyeulizwa huletewa asichohitaji.

Eneo lina sheria yake. Kwa Sheria ya NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya 2016, asasi ya kijamii hufanya kazi katika kaunti ndogo na chini yake. Shirika linalotaka kuingia wilaya nyingine lipate kibali cha kamati ya NGO ya wilaya na kusaini makubaliano na serikali ya mtaa. Makazi ya wakimbizi, kama Bidi Bidi au Nakivale, yanahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Kisha andikeni msichofanya. Msiandike jina la mwenye nyumba, mgonjwa wala simu ya mtu: ramani hii ni ya wazi kwa dunia nzima. Kupata au kutoa data binafsi kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 kuna faini isiyozidi pointi 245 za sarafu. Pointi moja ni shilingi 20,000, yaani jumla 4,900,000. Au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Msinakili Google Maps, leseni hairuhusu. Picha ya setilaiti mnayochorea mara nyingi hupigwa kwa mshazari, kwa hiyo choreni paa, kisha sogezeni umbo hadi kwenye msingi. Huko Karamoja, uzio wa manyatta, yaani boma lenye vibanda kadhaa, si jengo: kila kibanda cha ndani kichorwe peke yake, kwa duara. Angalieni pia tarehe ya picha, kwani nyumba iliyofukiwa na maporomoko bado itaonekana imesimama. Jina la kijiji haliko kwenye picha. Huulizwa kwa wenyeji. Na aliyechora asijikague, kwani jicho lililokosea mara ya kwanza hukosea palepale mara ya pili.

Siku ya kwenda uwanjani, mpelekeeni mwenyekiti wa LC1 nakala ya andiko kabla simu yoyote haijatolewa mfukoni. Mwacheni nayo, ikiwa na namba ya kiongozi wa kikundi, ili wenye nyumba wawe na wa kumpigia mkishaondoka.